Filamu nne, Jumamosi nne: ipi uanze nayo, na uitazame na nani

Mvua za vuli zilipoanza, tulikubaliana hapa nyumbani, Nyakato jijini Mwanza, kwamba kila Jumamosi jioni tutazame filamu moja inayohusu watu wa Afrika Mashariki, badala ya kumwachia uchaguzi mpwa wangu, ambaye kwake filamu isiyo na magari ya kulipuka ni sawa na ugali usio na mboga. Watazamaji tulikuwa watano: mimi na mke wangu, binti yetu mwenye umri wa miaka tisa, mpwa huyo aliye kidato cha sita, na shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja cha samaki hapa jijini. Jirani yetu aliposikia habari za Jumamosi zetu aliniuliza ni ipi kati ya filamu hizo awaonyeshe wanawe, nami nilipofungua kinywa kumjibu nikajikuta ninamuuliza maswali badala ya kumpa jina la filamu. Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa.

Filamu zenyewe, kwa mpangilio wa miaka, ni Darwin's Nightmare ya mwongozaji Mwaustria Hubert Sauper (2004), ambayo ni ya hali halisi na ilipigwa hapa hapa Mwanza. Queen of Katwe ya Mira Nair (2016), iliyotolewa na kampuni ya Disney na inayosimulia maisha ya mchezaji wa sataranji wa Kampala, Phiona Mutesi. Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina (2018). Na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo. Tatu kati yake ni hadithi za kuigizwa na moja siyo, na huenda mtu akadai kwamba si haki kuzipima kwa kipimo kimoja. Lakini mtu anayeketi sebuleni Jumamosi usiku hachagui kwa kufuata aina. Anachagua kwa kufuata muda alio nao na watu alio nao.

Nianze na iliyotugombanisha. Darwin's Nightmare inaanzia kwenye samaki: sangara, ambaye alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na baadaye akawala na kuwamaliza aina nyingi za furu waliokuwa humu. Kutoka hapo Sauper anafuata minofu hadi kwenye ndege kubwa za mizigo za Ilyushin zinazotua Mwanza na marubani wake kutoka nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti, anafuata wasichana wanaokaa na marubani hao usiku, watoto wa mitaani, wavuvi wa visiwani wanaozikana kwa ukimwi, na mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale. Kisha anarudia swali moja kwa kila mtu: ndege hizi zinapokuja, huwa zimebeba nini? Anataka tuamini kwamba zilileta silaha za vita vya Afrika. Rubani mmoja anakiri mwishoni kwamba aliwahi kupeleka vifaa vya kijeshi Angola, lakini kamera haionyeshi hata sanduku moja la silaha likishushwa katika uwanja wetu wa ndege.

Kwa ufundi, sina budi kuisifu. Sauper alikuwa na kamera ndogo na uvumilivu mkubwa, na anajua kuiacha picha ikae mpaka mtazamaji aone haya kwa kuitazama. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi, na Ufaransa ikampa Sauper tuzo ya César ya filamu ya kwanza. Huku kwetu mapokezi yalikuwa mengine kabisa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani katika hotuba yake ya mwisho wa mwezi, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Huko Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu kizima cha kuipinga, Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mahakama ikampa Sauper ushindi. Kwa hiyo anayeitazama leo anatazama filamu pamoja na ugomvi wake, na ni vizuri aujue ugomvi huo kabla hajabonyeza kitufe.

Shangazi hakuujua, na hakuuhitaji. Zilipokuja picha za mapanki yakianikwa juani huku funza wakitambaa, alinyamaza. Sehemu hiyo ilipopita akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Hayo ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini mwanangu, mbona hajasema kwamba watu wengine tulikula mapanki kwa sababu ni matamu?" Kwa mgeni, panki ni mfupa ulioachwa baada ya Mzungu kuchukua nyama. Kwa mtu wa Igogo au Kirumba, panki lililokaangwa likakauka vizuri lina ladha yake, na kichwa cha sangara kina supu ambayo watu wazima wenye fedha zao mfukoni huagiza kwa hiari. Hilo halifuti umaskini uliokuwepo, na shangazi hakutaka kuufuta. Alikuwa analalamika kwamba kamera iliona njaa tu mahali palipokuwa na njaa pamoja na mapishi.

Jambo la pili alilolisema limenikaa zaidi. Watu wetu wengi katika filamu hiyo wanahojiwa kwa Kiingereza, lugha ambayo baadhi yao wanaitafuta neno kwa neno, na sentensi zinatoka fupi, nzito na za kukatisha tamaa. "Angewauliza kwa Kiswahili wangecheka hata kidogo," alisema. Nadhani hapo ndipo alipoigusa kasoro yake kubwa kuliko ile ya silaha. Filamu hii inazungumza kutuhusu, lakini haizungumzi nasi. Aliyelengwa ameketi Paris au Vienna na sahani ya samaki mbele yake, na uchungu wote umepimwa kwa ajili ya tumbo lake. Ukiitazama ukiwa Mwanza, unajisikia kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili yanayomtaja jina.

Queen of Katwe nayo inaonyesha umaskini wa mji ulio jirani na ziwa hili hili, upande wa pili. Phiona anauza mahindi barabarani, nyumba yao inaingia mafuriko, mama mjane anahangaika na kodi. Ukiiweka kando ya filamu ya Sauper utaona tofauti mara moja: kwa Sauper shida ndiyo mwisho wa hadithi, kwa Mira Nair shida ni ngazi. Hilo ndilo lililomfurahisha mke wangu na ndilo lililonitia mimi wasiwasi, kwa sababu tangu robo saa ya kwanza unajua kwamba msichana huyu atashinda, na kila anaposhindwa unahesabu tu dakika mpaka ainuke. Hata hivyo haikosi ukweli. Lupita Nyong'o, katika nafasi ya mama Nakku Harriet, anaigiza kwa macho na mabega zaidi kuliko maneno, na David Oyelowo kama kocha Robert Katende ana upole ambao haulazimishwi. Madina Nalwanga, anayemwigiza Phiona, hana ile tabia ya watoto wa sinema ya kujua kwamba wanapendeza. Na pale mwisho, waigizaji wanaposimama mmoja mmoja pembeni ya watu halisi waliowaigiza, mpwa wangu, ambaye saa mbili nzima alikuwa na simu mkononi, aliiweka simu chini.

Tatizo lake kwa nyumba kama yetu ni lugha. Wahusika wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Uganda, na shangazi alibaki nje ya mazungumzo mengi hadi mpwa alipojitolea kutafsiri papo kwa papo, kwa ule mtindo wa vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, ambako mtafsiri husema ya mhusika na kuongeza ya kwake. Kocha Katende akapewa methali ambazo hakuzijua, na Harriet akasikika akimgombeza binti yake kwa maneno ambayo yamewahi kusikika katika nyumba hii hii. Nakiri kwamba tulicheka zaidi kuliko mwongozaji alivyokusudia, na kwamba filamu ilipata uhai ambao katika sauti yake ya asili ulikuwa umepigwa pasi kidogo. Kama nyumbani kwako hakuna mtu wa kufanya kazi hiyo, ujue kwamba wazee watasinzia.

Supa Modo ni fupi kuliko zote, dakika 74 tu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyotengenezwa kwa akili zaidi ikilinganishwa na fedha inayoonekana kutumika. Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, anaumwa ugonjwa ambao hautapona, na mama yake anamtoa hospitali ili siku zake za mwisho azimalizie nyumbani kijijini. Dada yake anaamua kumfanya aamini kwamba kweli ana nguvu hizo. Kisha kijana anayewaonyesha wanakijiji filamu anaingizwa katika mpango huo, na mwishowe kijiji kizima. Wainaina anafahamu jambo ambalo wengi wanaotengeneza filamu za kutafuta tuzo hawalifahamu, yaani kwamba kwetu sinema ni shughuli ya watu wengi katika chumba kimoja, wenye kelele na wenye kujibizana na pazia. Mtu yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha video, akalipa sarafu yake na kubanwa kwenye benchi, atakijua chumba kile bila kuelezwa.

Jirani yangu alitarajia nimwambie kwamba hii, kwa kuwa ina mtoto na shujaa, ndiyo ya watoto, na Queen of Katwe ni ya wakubwa kidogo. Mimi ninaona kinyume chake. Phiona anaweza kutazamwa na mtoto wa miaka saba bila mzazi kuwepo; kuna ajali na kuna shida, lakini kila jambo linafungwa na mtoto analala. Supa Modo inamwachia mtoto swali. Binti yetu hakulia wakati wa filamu, ila alipokwenda kulala alimuuliza mama yake kama watu wa mtaa wetu nao wangekubali kujifanya kwa ajili yake, na mke wangu akakaa ukingoni mwa kitanda kwa muda mrefu. Sisemi usiwaonyeshe watoto. Ninasema uitazame pamoja nao, usiku ambao huna haraka, na usiende jikoni nusu saa ya mwisho. Kama ndani ya nyumba kuna msiba wa karibuni wa mtoto, iahirishe kwa mwaka mzima.

Kwa upande wa lugha, Supa Modo inachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza kama mitaa ya Kenya inavyochanganya, na shangazi aliifuata bila mtafsiri isipokuwa mahali pachache. Alilalamikia Kiswahili chao, kama kila Mtanzania anavyolalamikia Kiswahili cha majirani, halafu akaomba kimya.

Nimeiacha Vuta N'Kuvute mwisho kwa kuwa ndiyo niliyoisubiri kwa hamu na ndiyo iliyoigawa nyumba kwa namna nisiyoitegemea. Riwaya ya Adam Shafi, iliyochapwa mwaka 1999, inasomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na kwa hiyo mpwa wangu aliingia sebuleni akiwa na silaha zote: dhamira, wahusika, mandhari, na orodha ya makosa ambayo filamu ingefanya. Hadithi iko Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya ukoloni wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume asiyemtaka, anaikimbia ndoa hiyo. Anapokewa na Mwajuma, mwanamke wa taarabu. Na anakutana na Denge, kijana anayetafutwa na polisi kwa harakati za kudai uhuru.

Malalamiko ya mpwa yalikuwa ya haki kwa kiasi chake. Riwaya ni pana, ina safari, ina majina, ina vichekesho vya Shafi ambavyo huwafanya wanafunzi wasome mbele ya mahali walipoagizwa; filamu ya saa moja na nusu hivi imelazimika kubana, na baadhi ya wahusika waliobaki wamebaki kama vivuli. Anayetaka kuitumia filamu hii badala ya kitabu kwa ajili ya mtihani atajikosesha alama, na mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tano asikubali kudanganywa. Lakini mimi niliona kwamba kubana huko ndiko kulikompa Shivji nafasi ya kufanya kile ambacho karatasi haiwezi: rangi za kuta zilizoliwa na chumvi, taa ndani ya vyumba vyenye giza, jasho, bahari, na sauti ya udi. Siti Amina, anayemwigiza Mwajuma, ni mwanamuziki wa taarabu katika maisha yake ya kawaida, na linaonekana. Anapoingia katika chumba, chumba kinabadilika.

Filamu hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar, ikiwa ni mara ya pili tu nchi kufanya hivyo, baada ya filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Kwa hiyo nayo imesafiri, imevaa vizuri na kukaa na wageni. Hata hivyo haikubadili lugha ilipotoka nyumbani. Mazungumzo ni Kiswahili cha Unguja, na hakuna anayesimama kumweleza mgeni nani ni nani na kwa nini. Shangazi, ambaye Kiswahili chake kina uzito wa Kisukuma na ambaye hajawahi kuvuka bahari, aliketi akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio. Hakuuliza habari ya ukoloni hata mara moja. Aliuliza kuhusu ile ndoa: nani alikula mahari, na mama wa msichana alikuwa wapi.

Mke wangu hakuipenda. Aliona inakwenda taratibu mno, na kwamba mapenzi ya Yasmin na Denge yanaelezwa kwa kutazamana kuliko inavyotosha. Ninakubali kwamba katikati kuna dakika kumi ambazo zingeweza kukatwa, na kwamba mtu aliyechoka na kazi ya wiki, mvua ikigonga mabati na kumeza nusu ya maneno, atazikosa sentensi muhimu, kwa maana wahusika wa Shivji husema mambo mazito kwa sauti ya chini. Filamu hii inataka ukimya. Kwa nyumba yenye paa la bati msimu wa vuli, tumia spika za masikioni au subiri kiangazi.

Basi, jirani, kama unachagua moja tu kwa ajili ya Jumamosi hii na watoto wako wawili wadogo, chukua Queen of Katwe, umweke mkubwa wao atafsiri, na ujue kwamba itakula saa mbili na dakika zake. Kama unachagua kwa ajili yako na mumeo, na mvua imekatika, chukua Vuta N'Kuvute, ambayo kwangu ndiyo bora kati ya hizi nne hata baada ya kuzihesabu kasoro zake, kwa sababu ndiyo pekee iliyonifanya nisahau kwamba kuna mtu mwingine ambaye filamu ilitengenezwa kwa ajili yake. Supa Modo inakuja nyuma yake kwa hatua moja fupi, na kama hupendi mambo ya mwendo wa pole, igeuze iwe ya kwanza.

Kuhusu Darwin's Nightmare, usiitazame na watoto kabisa, na fikiri mara mbili kabla ya kuitazama na wakwe au wazazi, kwani kuna mazungumzo juu ya wasichana wa marubani ambayo yatawafanya nyote mtazame sakafu. Mimi nilitamani umeme ukatike. Lakini usiache kuitazama. Mji unaoonekana mle ni wa miaka zaidi ya 20 iliyopita, na biashara yenyewe imegeuka: leo ukikaa na watu wa sangara utawasikia wakizungumzia mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, ambayo kilo yake ina thamani kuliko minofu, na ambayo Sauper hayagusi. Itazame na mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi wakati ule, uisimamishe kila anaponyoosha kidole, hata kama dakika 107 zitageuka kuwa saa tatu.

Sisi tulifanya hivyo. Nilipotaka kuifuta kwenye flashi ili kupata nafasi ya filamu ya Jumamosi iliyofuata, shangazi, aliyebishana nayo tangu mwanzo hadi mwisho, alinizuia mkono. Aliniomba nirudishe nyuma hadi mahali kamera inapopita kiwandani, kwenye meza ndefu za wakata minofu, akasogeza kiti karibu na runinga na kuvaa miwani, akaanza kutafuta nyuso chini ya zile kofia nyeupe.